Waipa zinazojikokota: usafishe linki, utengeneze mota au ununue nyingine?

Ukiingia gereji na gari lenye miaka 20 na zaidi ukasema waipa zimekuwa nzito, fundi anaweza kukujibu kabla hajafungua boneti: "Bosi, hiyo mota imekufa, tafuta nyingine." Huenda ni kweli. Ila kwa magari yanayoishi Mbeya, Iringa, Njombe na Rungwe, mimi mota huiweka nafasi ya tatu kati ya washukiwa, nyuma ya shafti zilizoshikwa na kutu na nyuma ya umeme usiofika vizuri. Ukikosea hapo umetupa hela mara mbili, kwa sababu mota mpya haiondoi uzito uliokuwa unaichosha ile ya zamani. Itaanza vizuri, halafu nayo itachoka.

Ndiyo maana hauanzi kulinganisha bei za mota dukani. Unaanza kwa kujua ni kipi kati ya vitu vitatu kinachokwamisha: mzigo, umeme, au mota yenyewe. Ukishajua hilo, chaguo linabaki moja au mawili tu.

Vyuma vinavyounganisha mota na mikono ya waipa, ambavyo gereji nyingi huviita linki, vinakaa mahali pabaya kuliko pote kwenye gari: chini ya kioo cha mbele, kwenye mfereji unaopokea maji yote yanayoteremka kutoka kwenye kioo. Kila mkono umefungwa kwa nati juu ya shafti fupi ya chuma, na shafti hiyo huzunguka ndani ya nyumba ya aluminiamu. Juni hadi Oktoba vumbi linaingia humo. Novemba mvua zinaanza, na kwa upande wa Tukuyu hazikatiki kirahisi hata mwezi wa tano. Grisi iliyowekwa kiwandani Japani mwaka 1997 imeshakauka au kuoshwa, na nafasi yake imechukuliwa na tope. Aluminiamu nayo ikishambuliwa na maji hutoa unga mweupe unaovimba, na uvimbe huo huibana shafti. Baridi ya Juni na Julai, hasa Makete, Njombe na Uyole, inaikazia hiyo grisi kidogo iliyobaki. Walioko Mafinga wana shida yao ya ziada: gari linaloegeshwa chini ya mipaini hujaza majani yale membamba kwenye mfereji wa chini ya kioo, matundu ya kutolea maji yanaziba, na shafti zinashinda ndani ya maji wiki nzima.

Nimelirefusha hilo makusudi, kwa kuwa ndilo chanzo cha waipa nyingi nzito nilizoziona huku, na ndilo ambalo haliuzwi dukani.

Kwanza hesabu

"Polepole" ni neno la mazoea. Mwenye gari huzoea waipa zinavyopungua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na anayeshtuka ni shemeji aliyeazimwa gari siku moja. Kipimo kipo. Kanuni namba 104 ya usalama wa magari ya Marekani inataka waipa ziwe na mwendo wa aina mbili au zaidi: wa juu usiopungua mizunguko 45 kwa dakika, wa chini usiopungua 20, na tofauti kati yake isiwe chini ya 15. Mzunguko mmoja ni kwenda na kurudi. Gari lako huenda halikutengenezwa kwa soko la Marekani, lakini namba hizo ni kipimo kizuri cha kujipimia.

Lowesha kioo vizuri, injini ikiwa inaunguruma, weka mwendo wa chini, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kisha mwendo wa juu. Usipime kioo kikavu, kwa sababu raba kavu hubana hata waipa nzima.

Matokeo yana mengi ya kusema kabla hujashika spana. Ikiwa mwendo wa chini ni mzito na wa juu uko sawa, linki zako huenda ni nzima. Tazama swichi na kaboni za mota, yaani vile vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuipa umeme. Kinyume chake, wa juu hautofautiani na wa chini, ni hivyo hivyo. Miendo yote miwili ikiwa mizito kwa pamoja, mshukiwa ni mzigo au umeme. Na waipa zikianza vizuri kisha zikazidi kuchoka kadiri mvua inavyoendelea, mota inapata moto kwa kuwa inasukuma kitu kigumu.

Jaribio linaloamua

Jaribio hili halihitaji vifaa vya maana: spana mbili tatu, bisibisi pana, na nusu saa. Kwa Corolla, Carina, Mark II na ndugu zao wa miaka ya 1990, namba 10, 12 na 14 zinakutosha kwa kazi nzima.

Washa waipa, kisha uzizime kwa swichi yake ili zirudi zenyewe mahali pa kulala. Usizime kwa ufunguo zikiwa katikati ya kioo. Fungua nati za mikono, itoe mikono, toa plastiki inayofunika mfereji. Utaiona mota na mkono wake mfupi unaozunguka, na fimbo ya linki iliyoshikwa kwenye mkono huo kwa kichwa cha mviringo ndani ya kikombe cha plastiki. Chomoa fyuzi ya waipa kwanza, maana linki zikistuka vidole vikiwa ndani zinaweza kuvikata, halafu ingiza bisibisi katikati na unyanyue. Kikombe kinachomoka.

Sasa mota iko peke yake na linki ziko peke yake. Shika fimbo ya linki uizungushe shafti kwa mkono, kwenda na kurudi. Zikiwa nzima, kidole kimoja kinatosha. Zikihitaji mkono mzima, umeshampata mkosaji. Rudisha fyuzi, washa mota ikiwa haina mzigo, uitazame. Ikizunguka kwa bidii, na mwendo wa juu ukatofautika wazi na wa chini, mota haina kosa.

Ikiwa inajikokota hata bila mzigo, usiihukumu bado. Chomoa soketi yake na uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mnene wenye fyuzi katikati. Ikichangamka, tatizo liko kwenye nyaya, ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia mwili wa gari) au swichi. Ikibaki vilevile, hapo ndipo mota imekufa kama fundi alivyosema.

Fundi akikataa kufanya jaribio hili kwa madai kwamba anaijua gari, tafuta fundi mwingine. Sisemi hivyo kwa dharau. Mafundi wazuri wa umeme wa magari Mbeya wapo wengi, na aliye mzuri huanza kwa kupima.

Kusafisha linki au kubadilisha linki

Tuseme linki ndizo nzito. Una njia mbili, na tofauti yake si bei peke yake.

Kusafisha maana yake ni kuzitoa linki zote nje, si kupulizia mafuta juu kwa juu. Yale mafuta mepesi ya kulegeza kutu yanayouzwa kwenye kopo la kupuliza hufanya waipa zichangamke mchana huo huo, mteja anafurahi, na baada ya mvua chache anarudi palepale, kwa sababu mafuta hayo yameosha grisi iliyobaki kisha yenyewe yakakauka. Kwa kazi ya kweli unatoa klipu na washa kwenye ncha ya shafti, unaigonga shafti polepole kwa nyundo juu ya kipande cha mti mpaka itoke kwenye nyumba yake, unaisugua kwa msasa laini, unasafisha tundu, unapaka grisi nzito isiyooshwa na maji, unarudisha. Vikombe vya plastiki navyo vipate grisi. Shafti iliyogoma, idondoshee mafuta ya kulegeza, iache ilale na mafuta yake, kesho uirudie. Ukiilazimisha utavunja nyumba ya aluminiamu, na hapo huna tena cha kuchagua.

Gharama ni grisi na muda wa fundi, nusu siku hivi. Kazi ikifanywa kwa kutoa shafti, hutarudi kwenye jambo hilo kwa miaka.

Kubadilisha kunashinda katika hali mbili. Ya kwanza, shafti imeliwa na inacheza ndani ya tundu. Unaijua kwa kushika ncha yake na kuitikisa pembeni. Ikigonga huku na huku, grisi haitarudisha chuma kilichokwisha, na waipa ya aina hiyo hupiga kelele na mwishowe hugonga nguzo ya pembeni ya kioo. Ya pili, baadhi ya linki zimepigwa ribiti kiwandani na shafti haitoki. Hizo unaweza kuziloweka na kuzizungusha mpaka zilegee, lakini ni kazi ya kubahatisha.

Ukibadilisha, chukua linki zilizotumika kutoka gari la usukani wa kulia. Hapa watu wengi wanapigwa. Spea zilizotoka Japani zinafaa kwa kuwa Japani nako usukani uko kulia. Zilizotoka kwenye magari ya Dubai au Ulaya bara ni za usukani wa kushoto, na linki zake zimepinda upande mwingine. Muuzaji atakuambia "ni Corolla ileile." Corolla ni ileile, linki siyo. Zilaze sakafuni kando ya zako kabla hujatoa hela.

Kati ya hizo mbili, mtu mwenye shafti zisizocheza asinunue chochote. Asafishe.

Umeme: ethi kabla ya swichi

Betri iliyojaa gari likiwa limezimwa hutoa takriban volti 12.6. Injini ikiunguruma na alteneta ikichaji, utaona kati ya 13.8 na 14.4. Tofauti hiyo ya volti moja na nusu inaonekana kwenye waipa kwa macho. Kwa hiyo waipa zikilala ukiwa umesimama kwenye foleni ya malori Uyole, taa zimewaka na feni ya joto inapuliza, kisha zikaamka ukikanyaga mafuta, acha kuisumbua mota. Angalia mkanda wa alteneta, vichwa vya betri, na alteneta yenyewe.

Nieleze kitu pembeni. Wapo wazee wanaokumbuka magari ambayo waipa zake zilikufa gari likipanda mlima na kufufuka likiteremka. Si hadithi. Magari mengi ya kale ya Marekani yaliendesha waipa kwa nguvu ya injini kuvuta hewa, na ukikanyaga mafuta mengi uvutaji huo unapungua, hivyo ungepanda Kitonga kwenye mvua ukiwa nusu kipofu. Waipa za umeme hazifanyi hivyo. Zako zikichoka hasa mlimani, tafuta waya uliolegea unaotikiswa na injini.

Sasa, ndani ya umeme wenyewe kuna mahali pawili pa kushindanisha: ethi na swichi. Fundi asiyependa kuinama chini huanza na swichi kwa kuwa iko karibu na usukani. Anza na ethi. Chukua waya, upande mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine uguse mwili wa mota mahali penye chuma kitupu, waipa zikiwa zinafanya kazi kwenye kioo kilicholowa. Zikiongeza kasi papo hapo, umelimaliza tatizo bila kununua kitu: fungua bolti au waya wa ethi wa mota, kwangua rangi na kutu, paka grisi kidogo, kaza. Mwenye mita apime volti kati ya mwili wa mota na hasi ya betri waipa zikiwa zinafanya kazi. Zaidi ya 0.2, ethi ni mbovu.

Ethi ikiwa safi, pima volti zinazofika kwenye soketi ya mota, ulinganishe na za betri. Pengo likipita nusu volti, fuata njia: soketi ya mota, kikalio cha fyuzi, swichi. Kikalio cha fyuzi kilichoungua hujitambulisha kwa plastiki iliyobadilika rangi. Na usikubali fyuzi iliyokatika ibadilishwe na kubwa zaidi, au na kipande cha waya. Fyuzi inakatika kwa sababu mota inavuta umeme mwingi ikipambana na linki nzito. Ukiinyamazisha, kitakachoungua ni nyaya.

Swichi ni ya mwisho. Viguso vyake vya shaba vinaweza kusafishwa na mtu mwenye mikono mitulivu, lakini springi na vidude vyake vidogo hupotea. Swichi iliyotumika ya gari la aina hiyohiyo kwangu inashinda kusafisha, isipokuwa gari ni adimu.

Mota: kuitengeneza, kuchukua iliyotumika, au kununua mpya

Tufike kwa wale ambao jaribio limewathibitishia kwamba mota yenyewe ndiyo mgonjwa. Hapa ndipo hela inatoka, na hapa ndipo majibu yanatofautiana kwa gari na gari.

Watu husema "kusuka mota" kwa kila kazi ya mota, lakini waipa mara chache huhitaji kusukwa nyaya upya. Kinachochoka ni kaboni. Mota ya miendo miwili ina kaboni tatu: moja ya pamoja, moja ya mwendo wa chini, moja ya mwendo wa juu. Kaboni ya mwendo wa chini ndiyo inayotumika zaidi, kwa hiyo mara nyingi ndiyo huisha mapema, na dalili yake ni ile niliyoitaja: chini mzito, juu mzuri. Fundi hufungua mota, huweka kaboni mpya, husafisha shaba zinapogusa, huondoa grisi iliyokauka kwenye gia na kuweka nyingine. Grisi hiyo ya ndani ya gia ikigeuka nta, inatosha peke yake kuizubaisha mota, na watu wengi hawaifikirii. Gia yenye meno yaliyolika ni jambo lingine: hiyo hurukaruka na kulegea, haiwi nzito.

Faida ya kutengeneza ni kwamba mota inabaki ya gari lako, inalala mahali pake sahihi, soketi haikatwi. Udhaifu wake ni kaboni zenyewe. Za kipimo kamili hazipatikani kila duka, na fundi huchonga za mota nyingine zitoshee. Ikichongwa vizuri inadumu. Ikichongwa ovyo inakwama kwenye nyumba yake na mota inasimama katikati ya mvua. Muulize kabla: kaboni anazo, au atachonga? Na ukimwona anaigonga mota kwa nyundo ili iamke, mzuie. Sumaku za ndani ni za aina inayopasuka kirahisi, zimegundishwa tu, na ikishapasuka moja mota haifai tena. Mota inayonuka kuungua nayo usiitengeneze.

Iliyotumika kutoka Japani ndiyo ninayoipendekeza kwa Toyota na Nissan za kawaida, kwa sharti kwamba uichukue ikiwa na linki zake. Wauzaji wengi hukubali kuuza seti, na bei ya seti mara nyingi haipishani sana na ya mota tupu kwa kuwa linki peke yake hazina wateja wengi. Unapata shafti zilizoishi maisha mengine kabisa, na ukizisafisha kabla ya kufunga umeshughulikia mzigo na mota kwa mkono mmoja. Usinunue bila kuijaribu palepale dukani. Wenye maduka ya spea karibu wote wana betri au wanaweza kuazima. Iwashe miendo yote miwili, sikiliza kama inakwaruza, tikisa mkono wake mfupi uone unavyocheza, hesabu pini za soketi ulinganishe na zako. Jambo la kulala mahali pake huwezi kulihakikisha mezani kirahisi, kwa hiyo patana na muuzaji kwamba ikigoma kulala unairudisha.

Mpya iliyonakiliwa, ile ya boksi lisilo na jina la kampuni iliyotengeneza gari, naiweka nyuma ya iliyotumika. Inang'aa, na kwa anayeuza gari mwezi ujao inatosha. Kwa anayesafiri Mbeya hadi Kyela kila wiki, ningechukua mota ya kiwandani iliyotembea kuliko nakala ambayo sijui kaboni zake zina urefu gani. Mpya ya kiwandani ni nzuri kuliko zote, hilo halina ubishi, ila kwa gari la mwaka 1996 bei yake haina uwiano na bei ya gari, na kwa kawaida utaisubiri itoke Dar es Salaam au nje.

Njia yoyote utakayochagua, kuna jambo moja la kushikilia. Kabla mkono mfupi haujatolewa kwenye mota, weka alama kwa rangi ya kucha au kwa kukwaruza, ili urudi kwenye pembe ileile. Ukirudi umepishana meno machache, waipa zitalala katikati ya kioo au zitagonga boneti, na utaambiwa mota uliyonunua ni mbovu.

Raba zina mchango wake, mdogo. Raba iliyokauka kwa jua la kiangazi hubana na kurukaruka, na ukungu wa mafuta wa malori ya barabara ya Tunduma ukitanda kwenye kioo hali inakuwa mbaya zaidi. Kioo kisuguliwe kwa maji ya sabuni ya vyombo kabla hujalaumu chochote. Lililo muhimu zaidi ni urefu. Watu hupenda kuweka waipa ndefu kuliko za kiwandani wakitaka kufuta eneo kubwa. Kila inchi unayoongeza ni mzigo wa ziada kwa mota iliyozeeka. Rudi kwenye urefu wa awali kwanza, ndipo upime tena.

Land Rover: jibu linageuka

Yote niliyosema kuhusu kununua seti iliyotumika hayahusu Land Rover za kale, Series III na zile 110 za mwanzo ambazo bado zinabeba viazi na mbao huku kwetu. Hizo zina mota ya Lucas aina ya 14W, na hazina fimbo za linki. Mota inavuta na kusukuma waya mnene wenye meno uliopita ndani ya bomba, na waya huo huzungusha magurudumu madogo ya meno, moja kwa kila waipa.

Mota hii ilitengenezwa ifunguliwe. Kaboni zake zinajulikana, kipimo cha kuzibadilisha kinajulikana pia: zikibaki chini ya milimita 4.8, au ile yenye ngazi ya mwendo wa juu ikiwa sehemu yake nyembamba imekwisha. Kwa hiyo hapa kutengeneza kunashinda kununua, kinyume na Corolla. Land Rover iliyotumika inayokatwa kwa spea inakuwa imechoka kama yako au zaidi.

Lakini hata kaboni zisiwe za kwanza. Kwenye 14W uzito karibu kila mara uko ndani ya bomba. Grisi ya miaka 30 imeshikamana na vumbi, na asubuhi ya Julai pale Igawilo inakuwa gundi. Fungua kifuniko cha gia ya mota, tenganisha waya wa meno na mota, toa mikono ya waipa, uvute waya wote utoke. Uoshe kwa mafuta ya taa, futa mpaka meno yang'ae. Bomba lipitishiwe kitambaa kilichofungwa kwenye waya mwembamba, mara kadhaa, mpaka kitoke kisafi. Angalia bomba lisiwe limebonyea wala kupinda ghafla karibu na magurudumu, kwa sababu aliyefungua dashibodi zamani huenda hakulirudisha sawasawa. Magurudumu yenyewe, yakiwa yamelika meno upande mmoja, yanaweza kugeuzwa nusu duara ili sehemu ambayo haijatumika ndiyo ishike waya. Ni akiba ya bure ambayo mwenye Land Rover anapaswa kuijua.

Paka grisi mpya waya wote, urudishe ndani ya bomba, na kabla ya kuufunga kwenye mota funga mizani ya kuning'iniza kwenye ncha yake, ile ya kupimia nyama au samaki, uvute polepole mikono ya waipa ikiwa imetolewa. Waya usogee kwa nguvu isiyozidi takriban kilo 2.7. Ukivuta mizani ikasoma kilo 5, mota uiache mezani: bomba bado lina uchafu, au limepinda mahali ambapo hujapaona.